Neno la Chelangat

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa idara ya Kiingereza hakuniuliza cheti wala nilikotoka. Alikuwa mzee mwembamba mwenye koti la sufu lililochanika kiwiko, amesimama mlangoni pa ofisi ya walimu akitazama ukungu ukipanda kutoka kwenye mashamba ya majani chai. Aliniuliza, "Una maneno mangapi?"

Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka chuoni juzi tu, viatu vipya vimenila vidole tangu nishuke gari Silibwet, na nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya skimu ya kazi, yaani ule mpango wa muhula mzima unaoonyesha utafundisha nini wiki gani. Nikamjibu kwamba sijawahi kuyahesabu.

"Basi hujayafuga," akasema. "Ingia ndani, ukungu huu si mzuri kwa kifua."

Nawaandikia nyinyi walimu vijana mnaofundisha msamiati kwa simu, neno linatokea, mtoto anabonyeza jibu, nyota zinamwagika kwenye kioo. Siwalaumu. Lakini mmekuwa mkiniuliza zamani tuliwafundishaje wasichana wa milimani maneno magumu ya Kiingereza hadi wakayasema kama ya kwao, nami kila mara nimewajibu nusu. Leo nitajibu yote.

Mkuu wa idara alikuwa na sanduku la mbao nyepesi, zile mbao ambazo viwanda vilitumia kupakia chai. Ndani mlikuwa na kadi alizozikata kutoka kwenye makatoni, kila kadi neno moja, zimepangwa kwa alfabeti. Mwanafunzi alipoingia kidato cha pili alikabidhiwa neno moja, likawa lake mpaka amalize kidato cha nne. Siku ya kuondoka alilirudisha sandukuni kwa mkono wake mwenyewe, na mwaka uliofuata likapewa mwingine. Kila Jumatatu tulikuwa na mwito. Mwalimu anaita neno, mwenye neno anasimama, anasema maana kwa maneno yake mwenyewe, kisha anatoa sentensi.

"Sentensi iwe yake na iwe ya kweli," mzee alinionya. "Akikariri ya kitabu, amejifunza kitabu, hajajifunza neno. Na usiache neno bila mtu, Madam. Neno likishazoea kuwa na mtu, halikubali kukaa peke yake."

Niliandika hayo yote kwenye daftari langu isipokuwa la mwisho. Niliona ni maneno ya mzee aliyekaa sana mahali pa baridi.

Kabla sijaendelea, mnijue. Mimi ni mtu wa kusahihisha. Nimesahihisha matangazo ya kanisa, kadi za harusi, na daktari aliyekuwa akiniandikia dawa. Marehemu mume wangu alipenda kusema kwamba nikifika mbinguni nitaomba kalamu nyekundu kabla ya kuomba maji. Tulicheka sana nyumbani kwa hilo. Siku hizi silicheki.

Katika mwaka wangu wa pili nilipewa kidato cha pili niwakabidhi maneno mimi mwenyewe. Kulikuwa na msichana mmoja aliyeketi kando ya dirisha, mrefu, mpole, anaitwa Chelangat. Kwao kulikuwa bondeni, mwendo wa saa moja kwa miguu. Ukimwita jina, alisimama polepole kana kwamba anaombwa auze ng'ombe. Mimi na utundu wangu nikamchagulia neno makusudi. Nikampa "reluctant".

Darasa lilicheka. Yeye hakukasirika. Jumatatu iliyofuata alisimama, polepole vilevile, akatoa maana ambayo sijaisikia kwenye kamusi yoyote. "Ni mtu ambaye miguu imekubali, lakini moyo bado umeketi."

Nilimsifu. Lakini sentensi yake ilikuwa ya kitabu, na Jumatatu iliyofuata pia, na nyingine. Mara punda wa mkulima fulani, mara askari wa nchi fulani. Nilimrudisha chini kila wiki kwa karibu miaka miwili. Nilimwambia, "Chelangat, mimi nataka yako. Ya kweli." Alitabasamu na kutazama nje.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida ya huku. Asubuhi jua, saa nane mchana wingu jeusi limekalia mlima, na mvua ya mawe inaanza kugonga mabati moja moja. Nilikuwa nimeingia darasa la kidato cha tatu, nikagundua kwamba nimesahau sanduku la kadi maktaba, ng'ambo ya uwanja. Mimi natoka upande wa Kisii, ambako mtoto hufundishwa kuogopa radi kabla hajafundishwa kuhesabu. Nilikuwa nimeona mwanga ukipita juu ya mikaratusi. Nikamtazama aliyekuwa karibu na mlango, na siku hiyo alikuwa Chelangat, kwa kuwa dirisha lake lilikuwa linavuja.

"Chelangat, kimbia maktaba uniletee sanduku."

Alisimama. Akatazama uwanja, kisha akanitazama mimi. Akasema kwa Kiingereza kilichonyooka, "Madam, I am reluctant to go."

Darasa zima lilipiga makofi. Nami nilipiga. Niliruka kama mtu aliyeshinda kitu. Miaka miwili nimemsubiri, na leo hii amenipa sentensi yake mwenyewe, ya kweli, imekaa mahali pake, kila neno sawasawa. Nilimwambia, "Hiyo ndiyo! Alama kumi juu ya kumi!" Yeye alikuwa bado amesimama ananitazama, anangoja. Nikasema, "Haya sasa, kimbia kabla haijazidi."

Akaenda. Miguu ilikubali.

Sitaeleza radi ile. Waliokuwapo waliisikia, na wasiokuwapo haitawasaidia. Ilimkuta katikati ya uwanja, karibu na mwamba wa goli, bado hajafika maktaba.

Jioni hiyo mwalimu mkuu aliniita ofisini. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na karatasi ya taarifa mbele yake. Alisema, "Mwalimu Kemunto, tutaandika kwamba alikuwa akielekea bwenini."

Nikasema, "Mwalimu mkuu, nilimtuma."

"Nimekusikia. Ukiandika alitumwa, mzazi ataomboleza mara mbili. Na wewe ndiyo kwanza unaanza kazi." Akanisogezea kalamu. "Alikuwa akielekea bwenini."

Nikatia sahihi. Ni sentensi iliyonyooka na haina kosa lolote la lugha. Ni uongo tu. Wasichana wa darasa lile hawakuulizwa na mtu, na wao hawakusema.

Tulienda kuzika. Chelangat alilelewa na nyanya yake, na pale wote walimwita Kogo, ndivyo Wakipsigis wanavyomwita nyanya. Kogo alikuwa na mjukuu mwingine mgongoni, Kibet, mdogo wake Chelangat, hajaanza hata kutembea vizuri. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Madam, asante," akaniambia. "Huyu mtoto alikuwa nasema wewe kila likizo. Madam, Madam, Madam. Ulimpenta." Nilifungua mdomo. Kwaya ikaanza kuimba, nikaufunga.

Kadi yake ilipatikana mfukoni mwa sweta, imelowa, wino umesambaa. Nililetewa mimi. Niliitia kwenye kopo la majani chai nyumbani, na kwenye orodha yangu ya mwito nikalipiga mstari neno lile. Baada ya "recluse", mtu anayejitenga na watu, sasa lingefuata "remorse", yaani majuto yanayomla mtu kwa ndani. Sikupanga mimi. Ni alfabeti.

Darasa la Chelangat lilimaliza na kuondoka. Nikapata kidato cha pili kingine, watoto wageni kabisa, kutoka Bomet, Kericho na kwingineko, ambao hawakumjua. Jumatatu ya kwanza ya mwito niliita "recluse". Msichana akasimama, akasema yake, akaketi. Nikaita "remorse". Hakuna aliyesimama. Darasa zima lilikaa kimya, macho mbele, muda wa mtu kusema sentensi moja isiyo ndefu. Kisha mwenye "remorse" akainuka kana kwamba nimemwita wakati huohuo.

Wiki iliyofuata, vilevile. Wiki ya tatu nikauliza kwa ukali, "Mnangoja nini?"

Wakatazamana. Wa mbele akanijibu kwa adabu, "Tunamwacha amalize, Madam."

"Amalize nani?"

Hawakujua. Niliona usoni mwao kwamba hawajui, na kwamba mpaka nilipouliza hawakuwa wameona ajabu yoyote. Nililiacha somo hapo, nikaenda kusimama chooni mpaka kengele ikalia.

Nilimwendea mkuu wa idara. Alikuwa amebakiza muhula mmoja astaafu, na alikuwa anapanga vitabu vyake kwenye gunia. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Nilikuambia. Mpe mtu mwingine hilo neno."

Nikaandika kadi mpya, nikamkabidhi binti mmoja mchangamfu kutoka Sotik ambaye hakuogopa kitu. Kesho yake asubuhi niliikuta kadi juu ya meza yangu, imewekewa chaki isipeperuke. Nilipomuuliza, alinong'ona, "Madam, hiyo iko na mtu."

Nilipomrudia mzee safari hii aliniangalia sana. "Kuna kitu hujalipa hilo neno," akasema. "Mimi sikijui. Wewe unakijua."

Niliomba uhamisho. Nikapelekwa Londiani, kwenye viazi na misonobari, baridi ya kukausha midomo. Huko nilianza na sanduku jipya nililolitengeneza mwenyewe, maneno mapya, mpangilio mpya. Lakini mtoto wa shule ataepukaje herufi R? Naibu wa mwalimu mkuu, mama mmoja mnene asiyecheka, aliingia siku hiyo kunikagua, ameketi nyuma na fomu yake. Nilifika mahali pale. Darasa likanyamaza. Nilisikia maji yakidondoka kwenye mfereji nje. Nilihesabu moyoni, nikajua ni urefu uleule, maneno sita ya sentensi ya Chelangat, kisha wakaendelea.

Baada ya somo naibu alinionyesha fomu. "Unawapa muda wa kufikiri," akasema. "Walimu wengi hawajui kufanya hivyo. Nimekupa alama ya juu." Nilitaka kulia mbele yake. Badala yake nilimsahihishia tahajia ya neno moja kwenye fomu yake, na hatukuwa marafiki tena.

Kutoka Londiani nilirudishwa upande wa nyumbani, shule moja karibu na Sotik, na huko ndiko nilikokuwa mkuu wa idara mwenyewe. Nilidhani cheo kitanisaidia. Nikaamua kuruka herufi R yote. Tukitoka Q tunaenda S. Jumatatu ya kwanza niliyofanya hivyo, mikono mitatu ikainuka.

"Madam, umeruka mtu."

Sikuruka tena. Mtu huzoea. Niliwafundisha wasichana wengi katika miaka ile, na wengine leo ni mawakili, wauguzi, mmoja anasoma habari redioni, na nikimsikia akitamka neno gumu bila kujikwaa, nafurahi mpaka nasimama jikoni. Kazi niliipenda na niliijua. Lakini kila Jumatatu, kwa urefu wa sentensi moja, nilisimama mbele ya darasa nikisikilizishwa. Dawa yake niliijua tangu mwanzo: kupanda gari hadi Silibwet, kushuka bondeni kwa Kogo, na kusema. Si mbali. Sikwenda.

Nilipostaafu nilimkabidhi sanduku mwalimu kijana aliyechukua nafasi yangu. Akalipokea kwa heshima, kisha akaniambia kwamba yeye ataingiza maneno yote kwenye kompyuta. Baada ya majuma mawili alinipigia simu. "Madam, samahani, hawa wasichana huwa wananyamaza mahali fulani? Nimejaribu kuwauliza, naona hata wao hawajui." Nilimwambia mtandao wa simu ni mbaya, nikakata.

Sasa nafika mwezi uliopita.

Simu iliita asubuhi nikikamua ng'ombe. Ilikuwa sauti ya mwanamume mgeni. "Madam, mimi ni Kibet. Wa kwa Kogo, huku chini ya Silibwet. Ndugu ya Chelangat." Nikakaa kwenye kigoda. "Tumepata mtoto, Madam. Msichana. Leo ni siku ya tatu, analia tu, hataki kunyonya vizuri. Kogo amesema uje."

"Mpelekeni hospitali," nikasema.

"Tumetoka huko, Madam. Wanasema mtoto ni mzima. Kogo anasema ni jina. Majina imeisha."

Niwaeleze nyinyi msiojua, kama nilivyoelezwa mimi mgeni. Katika nyumba ile, kabla ya jina la ubatizo, wanawake wazee humtafutia mtoto jina la mtu wa ukoo aliyefariki. Mmoja anampakata, mwingine anaweka ugoro kidogo karibu na pua yake, wanaita majina moja moja. Mtoto akipiga chafya, basi aliyeitwa ameitika, amerudi kwa mtoto huyo, na watu wanacheka kwa furaha. Kwa mtoto wa Kibet walikuwa wameita tangu siku ya kwanza. Hakuna aliyeitika.

Nilifika saa nane. Wingu lilikuwa limeshakalia mlima, kama kawaida. Kogo amekuwa mdogo sana, amekunjika, lakini macho ni yaleyale. Wanawake wanne walikuwa wameketi naye, na mtoto alikuwa analia kilio kile kikavu cha mtu aliyechoka.

"Kaa hapa karipu na mimi, Madam," Kogo akaniambia. "Tumeita wazee ya hii nyumba yote. Chelangat hatukuita, sababu alienda akiwa msichana tu, hakuacha mtu. Lakini leo asubuhi mimi nikasema wacha nijaribu. Nikaita Chelangat. Mtoto akanyamaza kulia. Akangoja. Lakini hakupiga chafya." Akanigeukia. "Halafu nikakumbuka. Huko shule ulimpa jina ingine. Ya Kizungu. Alikuwa anatuambia likizo, Kogo, Madam amenipa yangu peke yangu. Mimi ulimi yangu ni mzito, nilisahau. Iite wewe."

Nilitaka kumweleza kwamba lile halikuwa jina, lilikuwa neno tu, na nililichagua kwa kumtania. Radi ikanguruma mbali, upande wa Kericho, na mwanamke aliyempakata mtoto akanisogezea uso wake mdogo mwekundu.

Nikaita kama nilivyoita kila Jumatatu. "Reluctant."

Mtoto akanyamaza. Chumba chote kikanyamaza. Niliutambua ukimya ule kabla haujakomaa, nikahesabu, sikuweza kujizuia. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Sita.

Mtoto akapiga chafya. Mara mbili, kwa nguvu, kichwa kikatikisika. Wanawake wakaangua kicheko na vigelegele, Kibet akaingia mbio kutoka nje akiuliza nini, nini, na mama mtoto akaanza kulia. Kogo pekee hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Sasa hiyo jina," akasema, "maana yake nini?"

Hakuna swali nililojibu mara nyingi zaidi maishani. Nilijua kanuni: maana kwa maneno yako, kisha sentensi, iwe yako na iwe ya kweli. Maana nilimpa ya Chelangat mwenyewe. "Ni mtu ambaye miguu imekubali, lakini moyo bado umeketi." Kogo akatikisa kichwa taratibu, akakubali.

Kisha nikatoa sentensi. Niliitoa kwa Kiswahili, polepole, wote wasikie. "Kogo, Chelangat hakuwa anaenda bwenini. Aliniambia hataki kwenda nje kwenye radi, nami nikampigia makofi kwa Kiingereza chake, halafu nikamtuma."

Kicheko kilikufa. Kibet alisimama mlangoni, mkono juu ya fremu. Mvua ilianza kwenye mabati, moja moja, ya mawe. Nilimaliza kusema na sikuwa na sahihisho lolote. Nililia mbele yao bila aibu, mwanamke wa umri wangu.

Sijui Kogo alikaa muda gani. Sikuhesabu. Hatimaye aliinuka kwa shida, akamchukua mtoto kutoka kwa yule mwanamke, akamleta, akamweka mapajani mwangu. Mtoto alikuwa anapumua taratibu, macho wazi, ananitazama kama mtu anayengoja.

"Basi huyu asitumwe," Kogo akasema. "Mshike mpaka mvua iishe."

Nikamshika mpaka mvua ikaisha.